Kushuku Si Kujua

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne



Katika gazeti letu la muhula huu napenda kuandika juu ya elimu ambayo haina kipindi chake katika ratiba yetu, walakini kila mkaaji wa Shinyanga na Geita ana haja nayo. Ni elimu ichunguzayo uhalifu: kwa nini watu hutenda maovu, namna gani mtenda maovu hugunduliwa, na kwa njia gani maovu huzuiwa yasitendeke tena. Wataalamu huiita kriminolojia. Sehemu yake moja ni upelelezi, yaani kazi ya kutafuta ushahidi, nayo ndiyo nitakayoieleza zaidi.

Neno langu ni moja tu: kushuku si kujua. Polisi, mlinzi wa kijiji, hata mwanafunzi, akisahau tofauti ya mambo hayo mawili, atamwumiza asiye na kosa na kumwacha mkosaji akitembea.

Macho mekundu

Nianze na jambo la kwetu lenye kuhuzunisha. Kwa miaka mingi katika nchi ya Wasukuma vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa kushukiwa uchawi. Alama moja iliyotajwa mara nyingi ni macho mekundu.

Sasa tuitazame alama hiyo kama mpelelezi aitazamavyo. Yeye haulizi, "Je, macho ni mekundu?" kisha akanyamaza. Huuliza tena, "Ni kitu gani kingine kiwezacho kuyafanya macho yawe mekundu?" Sehemu nyingi za nchi yetu zimekwisha kuni. Akina mama hupikia mabua, miti ya pamba, na mavi ya ng'ombe yaliyokaushwa. Vitu hivi hutoa moshi mwingi mkali, na majiko mengi hayana dirisha. Mwanamke aliyeinama juu ya moshi huo kwa miaka hamsini atakuwa na macho ya rangi gani? Basi wekundu ule waweza kuwa umetokana na moshi, wala si ushahidi wa uchawi.

Mpelelezi huuliza na swali la tatu: "Nani atafaidika?" Mara nyingine nyuma ya tuhuma za uchawi upo ugomvi wa shamba au wa urithi, na katikati yake yupo mpiga ramli chonganishi aliyelipwa ili ataje jina. Wazee wetu walisema, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo yafaa barazani, lakini haifai katika upelelezi. Lisemwalo na wengi laweza kuwa halipo kabisa.

Kosa la mwaka 1976

Wasomaji wengine watasema kwamba mambo hayo ni ya watu wasiosoma. Sivyo. Mwaka 1976 serikali ilianza msako katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga ili kukomesha mauaji hayohayo. Nia ilikuwa njema. Watu wengi walikamatwa kwa kushukiwa, na baadhi ya maofisa wa polisi na wa usalama wakawatesa ili wakiri. Baadhi ya waliokamatwa walikufa mikononi mwa hao waliopaswa kuwalinda.

Habari zilipothibitika, hazikufichwa. Mwaka 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ndugu Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu, ingawa hakumpiga mtu kwa mkono wake. Alisimama kuwajibika kwa yaliyotendwa chini ya wizara yake. Baadaye, mwaka 1985, alichaguliwa kuwa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Maofisa wengine walishitakiwa mahakamani na kutiwa hatiani kama raia wengine.

Katika habari hii yapo mafunzo mawili. La kwanza ni la heshima: mkubwa wa kazi hubeba mzigo wa makosa ya walio chini yake. La pili ni la upelelezi wenyewe: mtu anayeumizwa atasema neno lo lote litakalokomesha maumivu. Kwa hiyo maneno yake hayamwambii mpelelezi nani aliua. Humwambia tu kwamba mtu huyu ameumia.

Kijana wa miaka 17

Hata pasipo kipigo mtu huweza kukiri asilolitenda. Katika wilaya ya Leicestershire, nchi ya Uingereza, wasichana wawili waliuawa, mmoja mwaka 1983 na mwingine mwaka 1986, katika vijiji vilivyo jirani. Polisi walimkamata kijana mwenye umri wa miaka 17, sawa na umri wangu na wa wengi katika darasa letu. Kijana yule alikiri kosa la pili. Watu wengi wangefunga jalada papo hapo.

Wakati huo palikuwa na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Leicester, Alec Jeffreys, ambaye mwaka 1984 aligundua namna ya kumtambua mtu kwa vinasaba vyake, yaani zile chembe za urithi tuzisomazo katika Baiolojia. Polisi wakampelekea vielelezo. Majibu yakaonyesha mambo mawili: mwuaji wa wasichana wote wawili ni mtu mmoja, na mtu huyo siye kijana aliyekiri. Kijana akaachiliwa.

Ndipo polisi wakawaomba maelfu ya wanaume wa vijiji vile watoe damu yao ipimwe. Mwuaji alimtuma mwenziwe akatoe damu kwa jina lake, na siri hiyo ikavuja katika mazungumzo ya kilabuni. Mwanamke mmoja aliyesikia akaenda kueleza polisi. Mwuaji akakamatwa mwaka 1987, na mwaka 1988 akahukumiwa kifungo cha maisha.

Angalieni vizuri, wenzangu. Maabara ilimwokoa asiye na kosa, na raia mwenye kusema kweli akamfikisha mwenye kosa. Mkono mmoja haulei mwana. Sayansi peke yake haitoshi, na wananchi peke yao hawatoshi.

Tangu zamani, Edmond Locard, aliyeanzisha maabara ya polisi mjini Lyon, Ufaransa, mwaka 1910, alifundisha kwamba kila mgusano huacha alama. Mwizi huacha unyayo, uzi wa nguo au alama ya kidole. Naye huondoka na vumbi la mahali pale. Mfugaji yeyote wa kwetu atalielewa somo hilo upesi, maana huzifuata nyayo za ng'ombe wake waliopotea hata azikute.

Sungusungu

Vita vya Kagera vilipokwisha mwaka 1979, silaha nyingi ziliingia mikononi mwa watu wabaya, na wizi wa mifugo ukazidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, huko Kahama na mpakani mwa Shinyanga na Tabora, wanakijiji walijiunga wenyewe kulinda mali yao kwa pinde na mishale. Wakaitwa Sungusungu, kwa mfano wa wadudu weusi watembeao kwa safu na kuuma pamoja. Yowe, ambalo Wasukuma huliita mwano, likipigwa, kila mwanamume alipaswa kutoka. Wizi ulipungua, na serikali ikawasifu. Mwaka 1989 Bunge lilirekebisha sheria za mgambo, na Sungusungu wakatambuliwa na kupewa uwezo wa kukamata.

Lakini uwezo wa kukamata si uwezo wa kuhukumu. Palikuwapo walinzi waliowapiga watuhumiwa na hata kuwaua, wakiwamo wanawake walioitwa wachawi, na baadhi yao wakashitakiwa. Mlinzi hodari hukamata, huandika saa na mahali, huhifadhi kielelezo, kisha hukabidhi polisi. Akiisha kumpiga mtuhumiwa, ameharibu kesi yake mwenyewe. Na umati ukikanyaga mahali pa tukio, nyayo za mwizi huchanganyika na nyayo za watu mia mbili, wala hapana mtaalamu awezaye kuzitenganisha.

Sanduku la kura na mahakama

Miaka ya 2007 hadi 2009 aibu nyingine iliupata Ukanda wa Ziwa. Watu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo, kwa sababu waganga matapeli waliwaambia watafuta mali, wachimbaji wa dhahabu na wavuvi miongoni mwao, kwamba viungo hivyo huleta bahati. Shule ya Msingi Buhangija, mjini Shinyanga, ikawa kimbilio la watoto wenye ualbino waliotolewa makwao ili wapate kuishi.

Mwezi Machi, 2009, serikali iliendesha kura za siri. Kila mwananchi aliweza kuandika jina la anayemshuku bila ya kujulikana. Je, kura hiyo ilikuwa ushahidi? Hapana. Ilikuwa habari. Habari humwonyesha mpelelezi pa kuanzia, bali ushahidi humwonyesha hakimu pa kuishia. Mtu aweza kuandika jina la mdeni wake au la jirani aliyegombana naye. Hata vyombo vinavyokusanya habari za siri, kama Idara ya Usalama wa Taifa ambayo kazi zake ziliwekwa katika sheria mwaka 1996, hukabiliwa na jambo hilohilo: habari ikiwa haijapimwa, ni uvumi uliovaa koti.

Septemba, 2009, Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwatia hatiani watu watatu kwa kumwua mvulana wa miaka 14 mwenye ualbino, wa wilaya ya Bukombe, ambayo tangu 2012 imo katika Mkoa wa Geita. Ilikuwa mara ya kwanza mahakama kutoa hukumu ya namna hiyo katika mauaji ya watu wenye ualbino. Watu waliona kwamba mahakama ina nguvu kupita ramli.

Kuzuia ni bora kuliko kukamata

Elimu hii haiishii kwenye pingu. Dhahabu ya Geita ilitoroshwa kwa miaka mingi kwa njia za panya. Mwaka 2019 serikali ilifanya mambo mawili: iliwaondolea wachimbaji wadogo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, kisha mwezi Machi soko la dhahabu likafunguliwa Geita, na masoko mengine yakafuata. Mchimbaji akapata mahali pa wazi pa kupimia na kuuzia. Maana yake ni hii: njia ya haki ikiwa ndefu na ya hasara, wengi wataiacha, ikifupishwa, wengi watairudia bila ya kufukuzwa na polisi. Vivyo hivyo jiko lenye dirisha na bomba la moshi laweza kumlinda bibi, maana humwondolea alama ile ambayo wajinga huitumia kumshitaki.

Sheria yasemaje?

Katiba yetu, ibara ya 13, yasema kwamba mtu aliyeshitakiwa asitendewe kama mwenye kosa mpaka ithibitike, tena yakataza mtu kuteswa. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 yamwambia hakimu asikubali ungamo lililopatikana kwa vitisho. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 yampa polisi saa nne za kumhoji mtu aliyekamatwa, na zikihitajiwa zaidi, upo utaratibu wa kuziongeza. Wengine hudhani kwamba sheria hizi huwapendelea wahalifu. Sivyo. Humlazimisha mpelelezi atumie akili badala ya fimbo, na kwa hiyo humsaidia kumpata mtu aliye mkosaji kweli.

Wajibu wetu

Mwanafunzi atakaye kazi ya upelelezi asidhani kwamba mwendo wa kwata utamtosha. Ajifunze Kemia, apate kuelewa kazi ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Baiolojia, ajue habari za damu na vinasaba. Jiografia, asome ramani. Na Kiswahili, aandike maelezo ya shahidi kama yalivyosemwa, bila ya kuongeza wala kupunguza. Juu ya hayo, ajifunze kusema, "Bado sijajua."

Nasi sote, tukikuta mahali pa tukio, tusiguse kitu, tuwazuie watu wasikanyage, tukumbuke saa, kisha tutoe habari. Tukisikia mtu akiitwa mwizi au mchawi, tuulize kwanza: nani ameona, ameona nini, wakati gani, na alikuwa umbali gani? Maswali hayo manne hayagharimu hata senti moja. Yakiulizwa kwa sauti kijijini kabla panga halijainuliwa, huenda bibi mmoja akaiona asubuhi.

Maswali ya kujizoeza

1. Eleza kwa mfano tofauti iliyopo kati ya habari na ushahidi.
2. Kwa nini ungamo la mtu aliyepigwa halimsaidii mpelelezi?
3. Taja sababu tatu, zisizo za uchawi, ziwezazo kuyafanya macho ya mtu yawe mekundu.
4. Simu imepotea bwenini, na wanafunzi wote wanamtaja mwenzao mmoja kwa sababu yeye ni maskini. Wewe ni kiranja. Andika hatua tano utakazochukua, na useme ni jambo gani ambalo hutalifanya.