Mzee Aliyenunua Ujana

Wahenga walinena: Ujana ni moshi, ukienda haurudi. Hata hivyo, watu wa kale hawakuchoka kuutafuta. Wataalamu wa Kiarabu walikuwa na neno al-iksir, yaani dawa ya kugeuza madini duni yawe dhahabu. Wazungu waliojifunza elimu hiyo kwao wakatumaini kuwa dawa hiyo itaondoa maradhi na kurefusha maisha pia.

Katika Ujerumani alikuwako mtu aitwaye Faust, aliyeishi tangu mwaka 1480 hivi mpaka 1540 hivi, akijigamba kuwa mjuzi wa uganga na nyota. Alipokwisha kufa uvumi ulizidi, na mwaka 1587 habari zake zilipigwa chapa mjini Frankfurt. Kitabu hicho chasema alipatana na Shetani kwa miaka 24 apate elimu na anasa, kisha roho yake ichukuliwe.

Habari ya kurudishiwa ujana ilitiwa nguvu na Goethe, mshairi mkuu wa Wajerumani, katika mchezo wake uliotolewa mwaka 1808. Humo Faust ni mwanachuoni aliyechoka na vitabu. Mephistopheles, pepo mwovu, ampeleka kwa mchawi. Anywa dawa, awa kijana. Punde ampenda msichana mnyofu, Gretchen.

Basi, wanafunzi wenzangu, na ninyi mliokwisha maliza shule, tufanye hesabu. Ili wapenzi waonane usiku, Faust alimpa Gretchen dawa ya kumlaza mama yake. Mama hakuamka tena. Kaka yake Valentin, askari, alitaka kulinda heshima ya dada yake, akauawa kwa upanga wa Faust. Gretchen akazaa mtoto, akamzamisha majini kwa kuchanganyikiwa, akafungwa gerezani kungoja kifo. Faust alikuja kumtorosha, lakini akakataa kutoka.

Mwaka 1859 Mfaransa Gounod aliufanya mchezo huo kuwa wa kuimbwa, jijini Paris. Hapo mzee akataa dhahabu na utukufu, ataka ujana tu.

Wengi husema Faust aliuza roho yake. Ni kweli, lakini deni lake lilikuwa la baadaye. Aliyelipa papo hapo ni Gretchen, ambaye hakuweka mkataba na mtu. Mzee alipata ujana wa pili, naye msichana akapoteza ule mmoja aliokuwa nao. Dawa ilibadili uso wa Faust. Haikumfundisha kumtakia mema ampendaye. Jambo hilo halimo chupani, na mtu aweza kujifunza akiwa na miaka 16 au 60.

Maswali ya kujipima:
1. Kitabu cha mwaka 1587 na mchezo wa Goethe vyatofautianaje?
2. Kwa nini Gretchen alikataa kutoroka? Toa maoni yako.
3. Je, Faust alimpenda Gretchen, au aliupenda ujana wake mwenyewe?