Kusoma Gesi ya Nyota Changa Ukiwa Ikonge

Mvua inayonenepesha majani chai hapa Ikonge hufunga anga usiku mwingi. Ukitaka kuchunguza gesi iliyo karibu na nyota changa, pesa za darubini nunulia bando. Gesi hiyo hung'aa kwa infraredi, na sehemu kubwa ya mwanga huo huzuiwa na mvuke wa maji ulio hewani mwetu. Kazi hiyo hufanywa na darubini ya angani ya James Webb, iliyorushwa Desemba 25, 2021, na data zake huishia kwenye hifadhi ya MAST, bure kwa yeyote.

Wengi hukimbilia nyota changa PDS 70, kwa kuwa mwaka 2023 ilitangazwa kwamba sehemu ya ndani ya sahani ya gesi na vumbi inayoizunguka ina mvuke wa maji. Mimi nakushauri uanze na nyota nyingine, GW Lup, ambayo dalili zake ziko wazi zaidi. Pakua spektra iliyokwisha kuchakatwa (faili zenye x1d); zile ghafi zitakumalizia bando hujaona kitu.

Kwanza ondoa mwanga wa vumbi kwenye spektra. Huo ni mpana na laini, na gesi ni vilele vyembamba vilivyokaa juu yake. Chora mstari unaopita chini ya vilele, kisha utoe. Kuwa mwangalifu karibu na mikroni 10, maana uvimbe ule ni wa silikati.

Sasa tazama kabla kidogo ya mikroni 15. Kilele kile ni kaboni dioksaidi. Usiseme upesi kwamba kilele kirefu ni gesi nyingi: gesi ikisongamana hunasa mwanga wake yenyewe, na kilele hakipandi tena. Gesi haba yenye joto kali na gesi tele iliyopoa huweza kukupa kimo kilekile. Hapo mtafute pacha adimu wa kaboni dioksaidi, mwenye kaboni-13, karibu na mikroni 15.4. Uhaba wake ndio faida, kwani mwanga wake hupenya. Timu ya mwanaastronomia Sierra Grant ilimwona pacha huyo kwenye GW Lup, ikakadiria joto la kaboni dioksaidi ya kawaida kuwa kama kelvini 400.

Ili kukadiria wingi wa gesi, tumia modeli sahili katika lugha ya programu ya Python; hudai namba tatu: joto, wingi wa molekuli kwa kila sentimita ya mraba, na ukubwa wa eneo linalong'aa. Badilisha moja moja. Mistari ya maji imetapakaa hadi chini ya kilele hichohicho, basi kadiria maji na uyatoe kabla hujaandika wingi wa kaboni dioksaidi.