Siku ya Toba ya Wayahudi

Kila mwaka, tarehe 10 ya mwezi wao wa Tishri, Wayahudi wanashika siku ya toba. Inaitwa Yom Kippur.

Zamani kuhani mkuu aliwaombea watu wote hekaluni Yerusalemu. Mbuzi mmoja alipelekwa jangwani na dhambi zao. Mwaka 70 Waroma walibomoa hekalu, lakini siku ile haikupotea.

Hata leo, tangu jua kushuka mpaka usiku wa kesho yake, watu wazima hawali, hawanywi hata maji. Wanasali. Watoto wadogo hawafungi. Mwishoni pembe ya kondoo dume inalia.

Walimu wao wanafundisha: Kama umemwibia mwenzako, kufunga peke yake hakutoshi. Kwanza umrudishie kitu chake, umwombe msamaha.

Maulizo: 1. Nani hafungi? 2. Mwizi afanye nini kwanza?