Kutoka Faili la Siri hadi Ubao wa Darasa: Mafunzo Niliyopata Garissa

Nilifanya kazi ya ujasusi Kaskazini Mashariki mwa Kenya kwa miaka mingi kabla ya kurudi chuoni, kwanza kusoma, kisha kufundisha. Kazi zote mbili ni za kuuliza watu na kuandika majibu yao.

1. Anayeandikwa asomewe.
Niliwahi kuripoti kwamba mwenye duka mmoja anashusha magunia ya sukari na mchele usiku. Aliyeniambia nilimwita "chanzo cha kuaminika". Mwenye duka akawekwa ndani wiki tatu. Kumbe alikuwa na harusi ya bintiye, na chanzo changu alikuwa na deni lake dukani. Laiti ningemsomea sentensi ile, angeisahihisha palepale. Lakini ripoti ya siri husomwa na wote isipokuwa yule inayemhusu. Siku hizi nikiandika kuhusu mtaa, narudi mtaani, naketi mkekani, nasoma kwa sauti. Watu hunikatiza. Nimefuta kurasa nzima, na yule mwenye duka bado namwona kila nikifuta.

2. Wino hausahauliki.
Mzee mmoja alikubali tuzungumze, ila nilipompa fomu ya ridhaa atie kidole, aliisukuma. "Kidole hiki walikitia wino 1989." Mwaka huo serikali iliwapiga msasa Wakenya wa asili ya Kisomali na kuwapa kadi ya pekee, ingawa walikuwa na vitambulisho kama raia wengine. Nilidhani anakataa utafiti, kumbe anakataa karatasi. Nikawasha kinasa sauti. Akataja jina lake, la baba yake, la babu yake, akapanda nasaba hadi nikapoteza hesabu, kisha akasema, "Haya, uliza."

3. "Wanakwenda Kenya."
Ndivyo wazee wengi husema watu wakivuka daraja la Tana kuelekea Mwingi. Zamani niliona dalili ya uasi katika kauli hiyo. Hali ya hatari ilitangazwa huku Desemba 1963, wakati wa vita vya Shifta, vya waliotaka eneo hili lijiunge na Somalia, ikaondolewa 1991. Aliyezaliwa siku ilipotangazwa alikuwa mzazi ilipokwisha. Wazee walikuwa wakieleza walichokiishi.

4. Usilikwepe swali la mwanafunzi.
Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika shambulio kwenye Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Kijana mmoja aliniuliza darasani: habari za shambulio zikipatikana mapema, hukwama wapi? Niliweka somo kando. Tulichora ubaoni safari ya habari moja, kutoka kwa mchungaji wa mifugo kisimani hadi mezani Nairobi, na kila ilipobadilisha mkono waliniuliza kinakatwa nini, kwa nini, na nani. Tulipofika mkono wa nne, maelezo ya mchungaji, yaliyojaza nusu ya ubao, yalikuwa yamebaki mstari mmoja, na jina la kisima halikuwemo.