Vijana Wenye Beji Nyeusi: Maswali Yenu Kuhusu Wiki ya Mmisionari

Wanatembea wawili wawili, shati jeupe, tai, beji nyeusi kifuani. Ni wamisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wengi wetu tunalijua kwa jina la Wamormoni. Wavulana hutumikia miezi 24, wasichana miezi 18, na wengi wao hawajafikisha miaka 22. Maswali yenu yanajibiwa na mwalimu aliyewafundisha Kiswahili vijana wa aina hii kwa miaka mingi.

Mwalimu, mbona Jumatatu nawaona sokoni bila tai? (Mama mwenye duka, Kitengela)

Jumatatu ndiyo siku yao ya matayarisho. Wanafua, wanapiga deki, wananyoa nywele, wananunua unga, mayai na mboga za wiki nzima, na wakipata uwanja wanacheza mpira. Ukipita nyuma ya nyumba yao asubuhi hiyo utaona mashati meupe yamejaa kamba, na kijana ambaye kwao nguo zilifuliwa na mashine akisugua ukosi kwa sabuni ya kipande mpaka vidole vinachubuka. Vumbi letu haliondoki kwa kuchovya tu.

Ndiyo siku ya kupiga simu nyumbani pia. Zamani mmisionari alizungumza na wazazi kwa simu mara mbili tu kwa mwaka, Krismasi na Siku ya Mama; wiki nyingine zote ilikuwa barua. Februari 2019 kanisa likaruhusu simu kila wiki. Wapo wazee wa kanisa walioona vijana wanadekezwa. Mimi niliona ni haki iliyochelewa. Mtoto wa miaka 19 aliye mbali na kwao anafanya kazi vizuri zaidi akisikia sauti ya mama yake. Jioni ikifika wanavaa tai na kurudi barabarani.

Siku zao nyingine zikoje?

Wanaamka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mazoezi kidogo, kifungua kinywa, kisha kusoma maandiko, kila mmoja peke yake na baadaye pamoja. Mgeni anaongeza muda wa lugha. Halafu wanatoka, na wengi hawarudi mpaka saa tatu usiku. Saa nne na nusu taa zinazimwa. Mara moja kwa wiki wanakutana na wenzao wa eneo lao kupeana taarifa na mafunzo, na kuna kikao kingine cha kupanga wiki inayofuata: nani atembelewe, nani anahitaji msaada, na wakimkosa waende wapi. Jumapili ni ibada, ambako meza ya Bwana huandaliwa kwa mkate na maji, si divai.

Ila ratiba haikuambii kwamba sehemu kubwa ya siku ni kutembea na kukosa watu. Kwa heshima zetu hatupendi kumwambia mgeni “sitaki”. Tunamwambia “njooni Alhamisi saa kumi”, na Alhamisi saa kumi tuko harusini. Kijana ameandika miadi kwenye simu yake, amepanda matatu mbili, amesimama getini na kubisha hodi mpaka mbwa wa jirani wamechoka kubweka. Nimewaona wakirudi na nyuso zilizosawajika, wakidhani wamekosea kitu. Ombi langu kwenu: kama hutaki mafundisho yao, waambie wazi kwa upole. Watakushukuru, na pengine watakusaidia kubeba mtungi wa maji kabla hawajaenda zao.

Kwa nini hawatembei mmoja mmoja?

Sheria yao ni kwamba mmisionari asiwe peke yake, ili awe salama, na pia asitiliwe shaka. Hata kumfundisha mwanamke aliye peke yake nyumbani, wavulana wawili hawaruhusiwi mpaka awepo mtu mzima mwingine.

Mwenzako humchagui. Anakupangia rais wa misheni, mtu mzima anayesimamia eneo zima pamoja na mkewe kwa miaka mitatu, na kila baada ya wiki sita hivi anaweza kukubadilishia. Hapo ndipo shule yenyewe ilipo. Mweke kijana wa Utah na kijana wa Kampala chumba kimoja, jiko moja, saa 24. Mmoja anaimba akiamka, mwingine hasemi mpaka jua likolee. Mmoja anaacha sufuria ya ugali ikauke mpaka Jumamosi. Mwisho wa kikao cha kupanga wiki wanatakiwa kugeukiana na kuambiana kinachokwenda vizuri kati yao na kinachouma, kisha wapange namna ya kurekebisha. Ndoa ngapi kwetu zina kikao kama hicho kila wiki? Wapo wanaokitumia vibaya, kama mahakama. Wanaokitumia vizuri hukomaa kwa namna ambayo mahubiri pekee yasingewafikisha.

Niliwaona ufukweni Bamburi, wamekaa mchangani wanatazama tu maji. Wanaogopa?

Wamekatazwa kuogelea kwa ajili ya usalama, hata siku ya matayarisho. Sinema na mapenzi pia vinangoja mpaka utumishi uishe.

Shikamoo Mwalimu. Niliwaandalia chai ya maziwa wakaikataa. Niliumia. (Bibi wa Changamwe)

Marahaba, Bibi. Pole sana. Hawakukudharau. Tangu 1833 kanisa lao lina mafundisho yanayokataza pombe, tumbaku, kahawa na chai ya majani. Kwao huko hakuna anayeshangaa, lakini kwetu kukataa chai ni karibu na kumkataa mwenye nyumba, na huwa nawasisitizia wanafunzi wangu waeleze mapema, kabla birika halijatengwa jikoni. Siku nyingine wawekee uji, maziwa ya moto au maji ya tangawizi. Watakunywa mpaka waombe kuongezewa.

Nani anawalipa?

Hawana mshahara. Wengi wao walifanya vibarua tangu sekondari wakaweka akiba, na familia zinachangia. Kwa wanaotoka nchi tajiri mchango ni dola 500 kwa mwezi, uliopanda kutoka 400 mwaka 2020. Fedha huwekwa pamoja, kisha kila mmoja hupewa posho ya kumtosha mahali alipo. Wanaotoka familia zisizo na uwezo husaidiwa. Kwa hiyo Mzungu mwenye beji si mtu wa kuombwa ada ya shule; mwisho wa mwezi naye anahesabu shilingi.

Kanisa hili si lilikuwa linawabagua watu weusi?

Ndiyo, na swali hili lisikwepwe. Mpaka Juni 1978 wanaume wenye asili ya Afrika hawakupewa ukuhani, na weusi, wake kwa waume, walizuiwa ibada za hekaluni. Mwaka 2013 kanisa lilichapisha maelezo yanayokana hoja zilizotumiwa zamani kuhalalisha jambo hilo. Hapa kwetu, Kenya ililisajili kanisa hili mwaka 1991, na hekalu la Nairobi likawekwa wakfu 2025. Ukimuuliza mmisionari kuhusu ubaguzi huo, ana wajibu wa kukujibu ukweli. Nimewafundisha waliokuja bila kujua historia yao wenyewe, na niliwaambia wakaisome kabla ya kubisha hodi kwa Mwafrika yeyote.

Mwanangu ameitwa kutumikia Ghana. Nihofie nini, Mwalimu? (Mama, Kisumu)

Hongera, Mama. Mahali hapapangwi na kijana, kwa hiyo usimlaumu kwa kwenda mbali. Ninachokihofia mimi ni upweke unaofichwa. Kwenye simu ya wiki usianze kuuliza amebatiza wangapi. Swali hilo linamfanya adanganye. Muulize analala vipi, anakula nini, anaelewana vipi na mwenzake. Ukisikia sauti imebadilika wiki mbili mfululizo, mhimize azungumze na rais wa misheni au mkewe, na aombe kuonana na mshauri wa afya ya akili. Msaada huo upo.

Akirudi kabla ya muda kwa sababu ya ugonjwa wa mwili au wa akili, mpokee mchana kweupe, umpikie, umpeleke kanisani ukiwa umemshika mkono. Nimeona familia zikimficha mtoto kwa shangazi ili majirani wasiulize. Huko ni kumuumiza mara ya pili.

Kuhusu safari yenyewe: achanje homa ya manjano mapema na abebe cheti, kwa kuwa Ghana wanakidai. Mnunulie viatu jozi mbili vya soli ngumu, maana atatembea sana. Na mfundishe kufua ukosi kabla hajapanda ndege.