SOMO: Nyigu dume, na sababu gani tunamuangalia mkia



Mahindi ikianza kukomaa, wengi wetu tunachoma viota vya nyigu vyenye kuwa pembeni ya shamba ao chini ya bati. Tunaogopa mwiba. Lakini nyigu hawa, wenye kujenga kiota kama karatasi kwa miti waliyotafuna, ni wawindaji. Wanakamata viwavi kwenye majani, wanawatafuna kuwa vitonge, wanapelekea watoto wao. Ukichoma kiota, umefukuza wafanyakazi wasioomba mushahara.

Koperative ikitaka kujua ni aina gani ya nyigu wanaotusaidia, rangi peke yake haitoshi. Rangi inadanganya: nyigu wa aina moja wanaweza kutofautiana, na wa aina mbili wanaweza kufanana. Ndiyo maana wataalamu wanaomba dume.

Kumutambua dume

1. Dume hana mwiba. Mwiba ulitokana na kifaa cha kutagia mayai, na dume hatagi.
2. Nyuzi mbili za kichwani (antena): za dume zina vipingili 13, za jike 12. Kwa Polistes dume, mara nyingi ncha zake zimejikunja.
3. Tumbo: la dume linaonyesha vipingili 7, la jike 6. Kile kiuno chembamba munakihesabu kuwa cha kwanza.

Muhesabu kwa kioo cha kukuza, na nyigu awe amekwisha kufa.

Ndani ya mkia

Kwenye ncha ya tumbo la dume kuna viungo vya uzazi, vigumu kama ukucha mudogo. Pembeni kuna vipande viwili kama koleo, vya kumushika jike. Katikati kuna kiungo cha kupitisha mbegu. Umbo la vipande hivi, pamoja na meno na nywele zake, mara nyingi linatofautiana aina kwa aina. Mutaalamu anavitoa, anavisafisha, anavitazama kwa darubini. Hapo anaweza kutenganisha aina ambazo kwa macho tungeziita moja tu.

Kwa macho tunaweza kujua jamaa kubwa: Belonogaster ana kiuno kirefu na chembamba sana, Polistes kiuno chake ni kifupi.

Namna ya kutuma

- Okoteni nyigu waliokufa chini ya kiota, ao wa kiota kilichopaswa kuondolewa, kama kile cha mulango wa masomo.
- Tieni madume na majike ya kiota kimoja ndani ya chupa moja yenye alikoli ya asilimia 70.
- Andikeni kwa kalamu ya risasi: kijiji, tarehe, mahali pa kiota. Karatasi iingie ndani ya chupa.

Musishike nyigu hai kwa mukono, hata mukiamini ni dume. Ukikosea hesabu, ni mwiba. Mutu akichomwa, akavimba uso ao akakosa pumzi, apelekwe mbio kwa kituo cha afya.

Tuzungumze kwa kikundi

Ni viota gani viko mbali na njia na watoto, vyenye tunaweza kuacha? Ni vipi vinapaswa kuondolewa? Muandike hesabu mbele ya mutu yeyote kuwasha moto.