Kupima Mayelini kwa Kusikiliza Maji

Mayelini ni utando wa mafuta na protini unaojiviringisha tabaka juu ya tabaka kuzunguka nyuzi za neva. Uzi mnene uliovikwa vizuri unaweza kupitisha ujumbe kwa kasi ya mita 100 hivi kwa sekunde; ulio uchi hujikokota kwa mita moja tu. Katika maltipo sklerosisi, kwa kifupi MS, kinga ya mwili huushambulia utando huo kwenye ubongo, uti wa mgongo na neva za macho. Mgonjwa huona ukungu, hufa ganzi, miguu ikakosa nguvu.

Picha za MRI zimekuwa zikifichua makovu ya MS tangu 1981, kazi iliyoanzia Hospitali ya Hammersmith, London. Katika picha zinazotumika sana leo makovu hayo ni madoa meupe. Lakini doa jeupe husema jambo moja tu: hapa maji yamebadilika. Uvimbe, mayelini iliyoliwa, nyuzi zilizokatika, vyote hung'aa vilevile. Ndiyo maana mwenye madoa mengi huweza kutembea vizuri kuliko mwenye machache.

Tuanze na kile mashine inachosikia. Mwili umejaa hidrojeni, na kiini cha kila atomu yake ni protoni inayofanya kama sumaku ndogo. Mashine huzipanga protoni hizo kwa sumaku kubwa, huzitikisa kwa mawimbi ya redio, kisha husikiliza mlio hafifu zinaoutoa. Mlio huo hufifia, na kasi ya kufifia hutegemea uhuru wa molekuli. Protoni za mafuta ya mayelini zimebanwa mno: hunyamaza kabla ya milisekunde moja kwisha, wakati mashine ya kawaida haijaanza hata kusikiliza. Kwa hiyo mayelini yenyewe haionekani.

Kati ya tabaka zake, hata hivyo, kuna maji yaliyonaswa. Kwenye mashine yenye sumaku ya nguvu ya tesla 1.5, mlio wa maji hayo hushuka hadi asilimia 37 kwa takriban milisekunde 20. Maji yaliyo ndani ya seli na baina yake huchukua takriban 80.

Sasa tupige hesabu. Chukua mlio wenye ukubwa wa 100, ambapo 12 zatoka kwa maji ya mayelini na 88 kwa maji mengine. Baada ya milisekunde 20, zile 12 zimebaki 4.4, na zile 88 zimebaki 68.5. Milisekunde zikitimia 100, maji ya mayelini yamebaki 0.08 tu, huku maji mengine yakiwa bado na 25. Ukipima mara nyingi njiani, kompyuta inaweza kuyatenganisha makundi hayo mawili na kukupa sehemu ya maji ya mayelini: hapa asilimia 12. Alex MacKay na wenzake wa Vancouver, Kanada, walionyesha hilo kwa ubongo wa watu hai mwaka 1994, wakiupima mlio mara 32 katika kipande kimoja cha ubongo. Kwangu uzuri wa mbinu hii ni kwamba picha imegeuka namba.

Na namba ilifichua lisiloonekana. Mwaka 2004 kundi hilohilo la Vancouver lilikuta kwamba hata sehemu za ubongo wa wagonjwa wa MS zilizoonekana nzima zilikuwa na maji ya mayelini pungufu kwa asilimia 16 kuliko za watu wenye afya.

Namba nayo ina hila zake. Uvimbe ukiongeza maji mengine, uwiano hushuka ingawa mayelini haijaguswa. Mabaki ya mayelini iliyovunjika yanaweza kuendelea kunasa maji.

Kwa kutambua ugonjwa, madoa meupe bado yanafaa. Lakini dawa inayodaiwa kurudisha mayelini haiwezi kuhukumiwa kwa madoa hayo. Mwaka 2023 watafiti wa San Francisco waliripoti kwamba wagonjwa waliopewa klemastini, dawa ya zamani ya mzio, waliongezekewa na maji ya mayelini katika daraja la nyuzi linalounganisha nusu mbili za ubongo. Ongezeko lilikuwa dogo, lakini lilipimika.